Timu Iliyotoka Uwanjani: Uchambuzi wa Kisa cha Ligi Kuu ya Bulgaria, Msimu wa 2015/16

Kisa kwa ufupi

Desemba 12, 2015, jijini Sofia, timu moja ya ligi kuu ya Bulgaria ilitoka uwanjani kabla ya mapumziko na haikurudi. Siku chache baadaye ilifutwa kwenye ligi. Ligi iliyoanza na timu 10 ikamalizika na timu 9, na kiangazi kilichofuata klabu hiyohiyo ikarudi ligi kuu ikiwa na jina jingine, makao mengine na jezi za rangi nyingine.

Tunakichambua kwa ajili ya watu wanaokaa karibu na maamuzi ya namna hii: mameneja wa timu, manahodha, makamisaa wa mechi, makatibu wa vyama na wajumbe wa kamati za nidhamu. Majina ya watu yameachwa, pamoja na majina ya klabu tatu zilizohusika moja kwa moja. Timu iliyotoka uwanjani tutaiita Wageni, iliyokuwa nyumbani tutaiita Wenyeji, na klabu ya Sofia inayoingia baadaye tutaiita Klabu ya Tatu. Timu nyingine zimetajwa kwa majina yao pale tu zinapohitajika kueleza jedwali.

Mazingira: ligi ndogo isiyo na akiba

Msimu wa 2014/15 ligi kuu ya Bulgaria ilikuwa na timu 12, ikichezwa kwa hatua ya kwanza kisha kugawanywa makundi mawili ya timu sita sita. Kwa msimu wa 2015/16 ilipunguzwa hadi timu 10, kila timu ikutane na kila nyingine mara nne: mbili nyumbani, mbili ugenini. Hiyo ni mechi 36 kwa kila timu na mechi 180 kwa ligi nzima.

Mfumo huu una mvuto wake. Mechi kubwa zinakuwa nyingi, safari zinapungua, na nchi yenye klabu chache zenye uwezo wa kifedha haihangaiki kujaza nafasi. Udhaifu wake ni kwamba kila timu imebeba sehemu kubwa mno ya ratiba. Ukiitoa timu moja kati ya 20, umepoteza mechi moja kati ya kila kumi. Ukiitoa moja kati ya 10, umepoteza mechi moja kati ya kila tano.

Kiangazi cha 2015 kilikuwa kimeshaonyesha jinsi ligi ilivyokuwa imesimama kwa mguu mmoja. Klabu mbili za Sofia zilinyimwa leseni kwa sababu za kifedha na kuangukia daraja la tatu. Mojawapo ndiyo Klabu ya Tatu, moja ya klabu zenye mashabiki wengi zaidi nchini. Katikati ya mwaka huohuo, mfanyabiashara aliyekuwa nyuma ya Wageni aliichukua. Jambo hili linaonekana la pembeni kwa sasa, lakini mwisho wa kisa hauwezi kueleweka bila hilo.

Wageni wenyewe walikuwa klabu ya mji wa mkoani, kaskazini mwa nchi, iliyowahi kutwaa ubingwa. Walikuwa na timu ya pili iliyosajiliwa na kucheza daraja la pili. Hilo nalo liwekwe akilini.

Kileleni mwa ligi walikuwa Ludogorets ya Razgrad, ambao tangu wapande daraja mwaka 2011 walikuwa wametwaa ubingwa kila msimu. Kwa hiyo vita ya kweli kwa wengi ilikuwa nafasi za Ulaya na kubaki ligi kuu, na kwenye vita hizo pointi tatu ni pointi nyingi.

Kilichotokea, kwa mfuatano

Mechi ilichezwa kwenye uwanja wa Wenyeji, siku chache kabla ya ligi kusimama kwa baridi. Hapakuwa na mwamuzi wa video. Teknolojia hiyo iliingizwa kwenye Sheria za Mchezo mwaka 2018. Alichokiona refa na wasaidizi wake ndicho kilichokuwa mwisho.

Katika kipindi cha kwanza wachezaji wawili wa Wageni walitolewa kwa kadi nyekundu. Kisha, dakika chache kabla ya mapumziko, Wenyeji wakapewa penalti. Kiongozi wa Wageni aliyekuwa karibu na benchi, ambaye si mchezaji wala nahodha, akaamuru timu itoke. Wachezaji wakatii, wakaingia vyumbani. Penalti haikupigwa, na mechi ikavunjika.

Ndani ya siku chache Umoja wa Soka wa Bulgaria uliwaondoa Wageni kwenye ligi kuu, na matokeo yao yote ya msimu huo yakafutwa. Januari 2016, wakati ligi bado imesimama, uamuzi ulipata sura mpya: kikosi cha kwanza cha Wageni kikaruhusiwa kuendelea na msimu katika daraja la pili kwa kuunganishwa na timu yao ya pili iliyokuwa huko tayari. Masika timu 9 zilizobaki zikaendelea na ligi kuu, na kila moja ikamaliza ikiwa na mechi 32.

Uamuzi wa kwanza: dakika mbili za benchi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu mengine yote yalitokana na hapa.

Tuchukulie kwamba Wageni walikuwa sahihi kabisa: kadi zote mbili zilikuwa makosa na penalti haikuwa penalti. Mezani kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kubaki. Timu ina wachezaji 9, na Sheria ya 3 ya Sheria za Mchezo inaruhusu mechi kuendelea mpaka timu ibaki na wachezaji chini ya 7; ingebidi wengine watatu waondoke ndipo mechi ishindwe kuendelea. Penalti takriban tatu katika kila nne huingia. Halafu kuna kipindi kizima cha kucheza pungufu ya watu wawili, na hapo kupoteza mechi ndilo tarajio la kawaida. Ukiweka hasara yote pamoja: pointi tatu, mabao kadhaa, na wachezaji wawili kukosa mechi zinazofuata.

Njia ya pili, kutoka. Hasara ndogo kabisa hapa ni kupoteza mechi mezani kwa 3–0 na faini, na kubwa kabisa ni kufutwa. Hapo katikati kuna kupokwa pointi, kufungiwa viongozi na kucheza bila mashabiki. Pitia matokeo yote ya njia hii moja baada ya jingine, tafuta hata moja ambalo ndani yake kadi zinafutwa au penalti inarudishwa. Hakuna. Mwanya wa kupata haki yao ulikuwa mwembamba, na kutoka uwanjani kuliuziba kabisa.

Sheria ya 5 inasema uamuzi wa refa juu ya mambo ya mchezo ni wa mwisho. Refa anaweza kuubadili kabla mchezo haujaanzishwa tena, akigundua mwenyewe au akishauriwa na msaidizi wake. Maana yake kwa benchi ni kwamba muda kati ya filimbi ya penalti na mpira kupigwa ndio muda pekee wa kumfanya refa azungumze na msaidizi wake. Nahodha anayezungumza kwa utulivu, mtu mmoja tu, akiomba msaidizi aulizwe jambo mahsusi ("mpira uligusa mkono au bega?") anatumia muda huo. Benchi linalowapungia wachezaji mkono watoke linautupa.

Baada ya mechi, malalamiko kuhusu kilichoonekana au kutoonekana hayapokelewi. Yanayopokelewa ni ya aina nyingine: mchezaji asiye na sifa kuchezeshwa, hali ya uwanja, au refa kutumia sheria kimakosa. Tofauti hiyo ya mwisho wengi huikosa. Mwezi Septemba 2005, mechi ya Uzbekistan na Bahrain ya kufuzu Kombe la Dunia ilifutwa na kurudiwa kwa sababu mchezaji wa Uzbekistan aliingia eneo la penalti mapema, mpira ukaingia wavuni, na refa badala ya kuamuru penalti irudiwe akawapa Bahrain pigo huru lisilo la moja kwa moja. Hakuna aliyebishana kama faulo ilikuwa faulo. Kilichovunjwa ni utaratibu wa sheria wenyewe. Kadi nyekundu nayo ina mlango wake mdogo: kanuni za nidhamu za FIFA zinaruhusu kusahihisha kosa la wazi kama mchezaji asiyehusika kuadhibiwa badala ya mwenzake. Wageni wangekuwa na hoja ya namna hiyo, wangeipeleka kwa maandishi. Kama hawakuwa nayo, hasara yao ilikuwa mechi moja.

Kwa nini basi kiongozi mzoefu aliamua vile? Kilichomo kichwani mwake hatukijui na hatutambunia. Mazingira yanaonyesha mambo mawili. Mtu aliyetoa amri hakuwa anacheza, hivyo hakuwa na kazi yoyote ya kufanya uwanjani iliyomzuia kukusanya hasira. Pia, hakukuwa na mtu mwingine pale mwenye mamlaka ya kusema hapana. Mchezaji ambaye bosi wake anamwita atoke, anatoka. Mkataba na mshahara wake viko mkononi mwa anayemwita.

Kutoka uwanjani kwa sababu ya usalama au ubaguzi wa rangi ni suala tofauti na lisichanganywe na hili. Kwa ubaguzi kuna utaratibu wa hatua tatu: refa asimamishe mechi na tangazo litolewe, kisha aziondoe timu kwa muda, na mwisho avunje mechi. Katika hatua zote refa ndiye anayeamua. Nahodha anapaswa kumfikia refa na kusema waziwazi kwamba anaomba hatua ya kwanza, na ombi liingie kwenye ripoti.

Uamuzi wa pili: adhabu

Kamati iliyopokea ripoti ya mechi hii ilikuwa na njia tatu za kawaida. Kuwapa Wenyeji ushindi wa mezani na kuwatoza Wageni faini. Kuongeza juu yake kupokwa pointi. Au kuwafuta. Ilichagua ya tatu.

Hoja ya ukali inaeleweka. Timu inayotoka ikiadhibiwa kwa 3–0 tu, basi timu iliyo nyuma kwa mabao manne, imebaki na watu wanane na inahofia kadi zaidi, itaona kutoka ni nafuu kuliko kubaki. Kwa sababu hiyo adhabu ya kutoka lazima izidi kipigo kibaya zaidi uwanjani. Tunakubaliana na hoja hiyo mpaka hapo.

Tusipokubaliana ni kwenye ukubwa wa hatua. Kati ya 3–0 na kufutwa kuna nafasi kubwa, na kupokwa pointi ndicho kifaa kinachoijaza. Kupokwa pointi 6 au 9 kunaumiza klabu yenyewe na kuwagusa wengine kidogo. Kufutwa kunaigusa kila timu, kwa viwango tofauti, na bila timu hizo kufanya lolote. Wenyeji wenyewe ni mfano: walikuwa na penalti mkononi na wapinzani tisa mbele yao, na mwisho wa yote mechi ile haikuwapa pointi yoyote kwa sababu haikuwapo tena kwenye jedwali.

Uamuzi wa tatu: kufuta matokeo

Kuna namna tatu za kushughulikia matokeo ya timu iliyofutwa, na kila moja inatoa jedwali tofauti. Tutumie mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi. Timu X na Timu Y zimecheza mechi 20 kila moja, zikiwamo mbili dhidi ya timu iliyofutwa. X ina pointi 34, na 6 kati ya hizo ilizipata kwa kuifunga timu hiyo mara mbili. Y ina pointi 31, na kutoka kwa timu hiyo haikupata kitu.

Ukifuta kila kitu, X inabaki na 28 na Y inabaki na 31, zote zikiwa na mechi 18. Aliyekuwa mbele kwa pointi tatu sasa yuko nyuma kwa pointi tatu.

Ukiyaacha matokeo yaliyochezwa na kugawa ushindi wa mezani kwa mechi zilizobaki, X inafika 40 na Y 37. Pengo linabaki lilelile, ila kila timu inaongezewa mabao 6 ambayo hakuna aliyeyafunga. Zaidi ya hapo, Y inapata bure pointi ambazo X ilizitolea jasho.

Njia ya tatu inafaa ligi za mizunguko minne peke yake, na ndiyo tunayoiona bora. Mizunguko miwili ya kwanza ikikamilika, kila timu imekutana na iliyofutwa mara mbili, nyumbani na ugenini. Hapo hakuna aliyependelewa. Matokeo hayo yaachwe, yote ya baada ya hapo yafutwe. Kwa ligi ya timu 10 kila timu ingemaliza na mechi 34: 32 dhidi ya timu nane zilizobaki na 2 dhidi ya iliyoondoka. Katika mfano wetu X inabaki na 34 na Y na 31, na hakuna bao la bure. Kama timu inafutwa kabla ya mizunguko miwili kukamilika, kufuta kila kitu ndiyo njia safi zaidi.

Bulgaria walifuta yote. Faida yake ni urahisi: mechi 144 badala ya 180, kila timu 32, hakuna maelezo ya chini ya jedwali. Gharama yake ni kwamba timu zilizowafunga Wageni vuli zilipokonywa kazi yao, na zilizofungwa nao zikafutiwa deni.

Ratiba nayo inahitaji jicho. Timu 9 zinacheza mechi 4 kwa raundi na moja inapumzika. Njia ya haraka ni kuacha pengo: yeyote aliyepangiwa na timu iliyofutwa, wikendi hiyo anakaa. Inafanya kazi vizuri katikati ya msimu. Raundi mbili za mwisho ndizo zenye hatari, kwa sababu timu inayopumzika siku ya mwisho imeshamaliza wakati wapinzani wake wanajua matokeo wanayoyahitaji. Katibu wa ligi aanze ukaguzi wake hapo, na kama timu inayopumzika iko kwenye vita ya nafasi, abadilishe jozi za raundi hizo mbili pekee badala ya kuchora ratiba upya.

Uamuzi wa nne: mlango wa timu ya pili

Kufutwa katikati ya msimu kunawaacha wachezaji wakining'inia. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho zinaruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu katika msimu mmoja, lakini kuchezea mechi rasmi klabu mbili tu. Mchezaji wa Wageni aliyekuwa ameanza msimu kwingine kisha akaja kwao asingeweza kucheza popote pengine mpaka kiangazi. Hakutoa amri ya kutoka na hakupewa nafasi ya kuikataa.

Kwa upande huo, kuwahamishia wachezaji daraja la pili kulikuwa na utu. Walibaki na ajira, mazoezi na mechi.

Tatizo lilihamia daraja la pili. Timu ambazo vuli zilikutana na vijana wa akiba, masika zilikutana na kikosi kilichokuwa kinashindana ligi kuu. Mpinzani mmoja, jina moja kwenye jedwali, nguvu mbili tofauti. Timu iliyokutana nao nyumbani vuli na ugenini masika haikucheza mashindano sawa na timu ambayo ratiba yake ilikuwa kinyume. Kama mlango huu lazima ufunguliwe, kuna namna ya kupunguza madhara: kuweka kikomo cha wachezaji wa kikosi cha kwanza wanaoweza kupangwa katika mechi moja, au matokeo ya masika ya timu hiyo yasihesabiwe kwa wapinzani.

Matokeo

Ludogorets walitwaa ubingwa wa 2015/16, wa tano mfululizo. Vita ya kushuka daraja haikuacha alama: msimu uliofuata ligi ilipanuliwa hadi timu 14, na timu zote 9 zilizomaliza zilikuwamo.

Mei 24, 2016, Klabu ya Tatu, ikiwa daraja la tatu, ilitwaa Kombe la Bulgaria kwa kuifunga Montana ya ligi kuu 1–0. Ni tukio kubwa kwa kipimo chochote. Hata hivyo haikwenda Ulaya, na nafasi ya bingwa wa kombe ikashuka kwenye jedwali la ligi, mpaka kwa timu ya nne, Slavia Sofia. Hapa uzito wa zile hesabu za kufuta matokeo unaonekana: nafasi ya nne, ambayo kwa kawaida ingekuwa ya heshima tu, iligeuka tiketi ya Ligi ya Ulaya, kwenye jedwali lililopangwa upya Desemba.

Kiangazi hichohicho Wageni walihamia Sofia, wakachukua jina na sura inayofungamana na Klabu ya Tatu, na wakapata leseni ya ligi kuu. Klabu iliyofutwa Desemba ikawa chombo cha kuirudisha ligi kuu klabu iliyoshushwa kwa madeni. Mji wa mkoani ukabaki bila timu ya daraja la juu, na mashabiki wake ndio walioumia kuliko wote katika kisa hiki, ingawa hakuna kamati iliyowahi kuwajadili.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kasi. Kosa lilitokea karibu na mapumziko ya baridi na uamuzi wa msingi ukatoka ndani ya siku chache. Timu 9 zikapata wiki kadhaa kujipanga, kufanya usajili wa dirisha dogo na kuuza tiketi za masika zikijua ratiba. Uamuzi uleule ukitolewa Aprili ungekuwa maafa.

Kilichofanya kazi pia ni kwamba msimamo wa msingi haukuyumba: mechi haikurudiwa na Wageni hawakurudishwa ligi kuu msimu ule. Klabu nyingine zote ziliona kwamba kutoka uwanjani hakufungui meza ya mazungumzo.

Kilichoharibika ni kwamba adhabu ilimfuata asiyestahili. Aliyeamuru alikuwa mtu mmoja. Waliolipa ni wachezaji, mji, timu 9 za ligi kuu na timu za daraja la pili. Klabu kama kampuni ilinusurika, ikabadili mahali na jina, na ndani ya miezi tisa ikawa inacheza tena ligi kuu. Kanuni inayofuta timu ila haizuii usajili wake kuhamishwa msimu unaofuata ina tundu katikati yake. Tundu hilo huzibwa kwa sharti la maandishi: klabu iliyofutwa kwa kosa la kinidhamu isibadili jina, makao wala umiliki wa leseni kwa misimu miwili, na ikirudi ianzie daraja iliyoangukia.

Ya kubadili yako mengine mawili. Kwanza, kila klabu iandike katika kanuni zake za ndani nani anaweza kuamuru timu itoke uwanjani, na jibu liwe: hakuna, isipokuwa refa. Nahodha apewe ulinzi wa maandishi kwamba hataadhibiwa na klabu akikataa amri hiyo. Ni aya moja kwenye mkataba.

Pili, kamisaa awe na utaratibu wa dakika tano, unaojulikana na timu zote kabla ya msimu. Timu ikianza kuondoka, refa anasimamisha saa na kumwita nahodha. Kamisaa anamfuata kiongozi wa timu mpaka mlango wa chumba, anamsomea kifungu cha adhabu kwa sauti mbele ya msimamizi wa upande wa pili, na kuandika saa kamili. Dakika tano zinahesabiwa. Nahodha anaulizwa kwa jina, "Timu yako inarudi?", na jibu lake linaandikwa neno kwa neno. Ndipo refa anavunja mechi. Timu nyingi zinazotoka zinatoka kwa hasira ya dakika mbili, na tatu zinazobaki mara nyingi hutosha mtu mmoja chumbani kuuliza adhabu ni nini.

Upande wa Ulaya kulikuwa na kizuizi ambacho ligi ya ndani haikuwa nacho. Kanuni za leseni za UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wakati huo zilitaka uanachama wa klabu katika shirikisho lake uwe umedumu miaka mitatu mfululizo, na kubadili jina, makao au rangi kwa ajili ya kupata nafasi kulihesabiwa kuwa kukatika kwa miaka hiyo. Klabu iliyozaliwa kutokana na Wageni ilimaliza msimu wa 2016/17 ikiwa ya pili nyuma ya Ludogorets, na haikwenda popote. Nafasi ilishuka tena mpaka kwa timu ya nne, safari hii Dunav ya Ruse, iliyokuwa imepanda daraja kiangazi cha 2016, nayo ikaenda kucheza Ligi ya Ulaya dhidi ya Irtysh ya Kazakhstan.